Ghorofa ya 40 na Ghorofa ya 3 Haziko Mahali Pamoja

Chukua jengo la ofisi la ghorofa 40, kila ghorofa ikiwa na mita za mraba 1,000. Paa lake ni mita za mraba 1,000 pia, na hapo nimejifanya sioni mitambo ya lifti, matangi ya maji na minara ya kupozea ambayo kwa kawaida hujaza sehemu kubwa ya paa. Lifunike lote kwa paneli za sola. Utapata takriban kilowati 200, na penye jua la kutosha zitazalisha kama uniti 300,000 za umeme kwa mwaka. Zigawanye kwa mita za mraba 40,000 za sakafu: uniti saba na nusu kwa kila mita. Ofisi yenye viyoyozi hufikisha uniti 150 kwa mita bila kujitahidi. Paa zima, basi, limelipia asilimia 5 ya matumizi.

Mvua nayo haina habari njema. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo litakusanya lita milioni moja. Watu 3,000 wakifanya kazi humo, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, katika siku 250 za kazi watatumia lita milioni 30.

Sasa fungua mwongozo wa karibu mfumo wowote wa kukadiria majengo ya kijani. Utakuta alama za umeme wa jua unaozalishwa kwenye jengo lenyewe, alama za kuvuna mvua, alama za paa jeupe, alama za kuacha eneo wazi na kupanda miti. Yote ni mambo mema. Ila aliyeyaandika alikuwa na jengo la chini na pana kichwani, lenye paa la kutosha na ua wa kutosha. Mjenzi wa jengo refu akiyasoma hufanya kitu cha akili: anaweka paneli chache zinazotosha kuonekana kwenye picha, anachimba tangi dogo la mvua, anachukua alama zake na kuendelea na ukuta wake wa vioo.

Kazi yangu ni kujenga modeli za nishati za majengo, yaani hesabu za kompyuta za jinsi jengo litakavyotumia nishati, kwa hiyo mjadala wa kuoanisha mifumo hii na mazingira ya mahali hunifikia kila mara, na karibu kila mara unahusu nchi. Mfumo umetoka Uingereza au Marekani, sisi tuna joto, tuna mvua za msimu, tuna umeme unaokatika, tuubadilishe. Ni sawa. Lakini jengo refu lina mahali pawili: nchi lilikojengwa, na urefu wake wenyewe. Hapo pa pili hapazungumzwi sana, nami nadhani ndipo penye kazi kubwa zaidi.

Nianze na pa kwanza. Mfumo wa BREEAM ulizaliwa Uingereza mwaka 1990, na toleo lake la kwanza lilihusu ofisi mpya. Hong Kong ikajitengenezea HK-BEAM mwaka 1996 kwa kuufuata. Marekani ikaleta LEED, kwanza kwa majaribio mwaka 1998, kisha kwa matumizi ya wote mwaka 2000. Australia ikatoa Green Star mwaka 2003, Afrika Kusini ikaichukua na kuirekebisha, na zana yake ya kwanza ya ofisi ikatoka mwaka 2008. Baadaye nchi nyingine za Afrika zikaingia kupitia mlango huohuo wa Afrika Kusini, kila moja na ripoti ya mazingira yake. Malaysia ilipounda GBI mwaka 2009 ilitazama Green Star ya Australia na Green Mark ambayo Singapore ilikuwa imeianzisha mwaka 2005. Ukoo ni mmoja, na kama ilivyo kwa ukoo wowote, watoto hurithi hata tabia ambazo babu hakujua kuwa anazo.

Mfano ninaoupenda ni kipimo cha mwanga wa mchana. Kwa muda mrefu mifumo ya ukoo huu imetumia kigezo kinacholinganisha mwanga wa ndani na wa nje chini ya anga lililofunikwa na mawingu kote, na lengo la kawaida ni asilimia 2. Anga hilo la mawingu lina mantiki London. Lakini tazama kinachotokea kwenye hesabu: kwa kuwa jua lenyewe halimo, dirisha la mashariki, la magharibi, la kaskazini na la kusini yote hupata alama sawa. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini, linapiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja, na kibaraza cha juu ya dirisha hakilizuii. Kipimo hakilioni. Kinachokiona ni ukubwa wa kioo, na kinalipa kwa ukubwa wa kioo. Mtumishi aliyeketi kando ya dirisha hilo hushusha pazia saa moja na nusu asubuhi, anawasha taa, na pazia haliinuki tena mpaka mwaka uishe. Alama ilishatolewa.

Jambo la namna hiyo halitibiwi kwa kuongeza kipengele. Toleo la LEED la 2009 lilipoleta alama za vipaumbele vya eneo, zilikuwa nne tu kati ya 110, na zilikuwa nyongeza juu ya vipengele vilevile vilivyokuwepo. Ni kupunguza pindo la suti iliyoshonewa mtu mwingine. Mabega bado si yako.

Mabega ya mfumo ni jengo la kulinganishia. Hapo ndipo uamuzi wote ulipo, na hapo ndipo watu wachache wanapoangalia kwa sababu kumejaa majedwali. Hesabu ya nishati ya LEED imetegemea kiwango cha Marekani, ASHRAE 90.1, hasa kiambatisho chake G. Unajenga modeli mbili: jengo lako, na jengo la kubuni lenye ukubwa na matumizi yaleyale lakini lililojengwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika. Alama zako ni tofauti kati ya hayo mawili. Katika matoleo ya 2007 na 2010, ambayo ndiyo LEED iliyatumia kwa miaka mingi, jengo la kulinganishia huruhusiwa kuwa na madirisha kama yako hadi asilimia 40 ya ukuta. Yaani kama jadi ya mahali ni ukuta mzito wenye dirisha la asilimia 20, na mnara mpya ukaja na asilimia 40, mnara haulipi chochote kwa kuuacha ule ukuta. Jengo la kulinganishia limeshaikubali asilimia 40.

Kuna kanuni nyingine ndani ya kiambatisho hicho ambayo kila mtu anayejenga kwenye joto anapaswa kuijua. Jengo lako likiwa halina mfumo wa kupoza hewa, modeli yake hupewa mfumo uleule wa kupoza uliomo kwenye jengo la kulinganishia. Umesanifu kwa uangalifu, hewa inapita, hakuna kiyoyozi. Modeli inakupachikia kiyoyozi cha kufikirika na kukiwasha. Pande zote mbili zinapoza, na tofauti uliyoihangaikia inayeyuka. Zipo njia za pembeni za kuomba hesabu maalumu. Zinahitaji mhandisi wa ziada, muda wa ziada na mteja mvumilivu, na mteja mvumilivu ni nadra kuliko mhandisi.

Sababu ya kanuni hiyo si uovu. Waliamini kwamba mahali penye joto mtu ataleta kiyoyozi tu, leo au kesho, na hesabu isije ikamzawadia anayeahirisha. Nyuma yake kuna imani ya zamani kidogo kuhusu starehe ya mwili. Mwaka 1970 Povl Ole Fanger wa Denmark alitoa modeli yake ya starehe ya joto, iliyotokana na majaribio ya vyumba vilivyodhibitiwa, na viyoyozi vya dunia nzima vikapangwa kwa kuifuata. Ilichukua hadi mwaka 2004 kwa kiwango cha ASHRAE 55 kupokea modeli nyingine, iliyotokana na kazi ya Richard de Dear na Gail Brager: watu waliomo kwenye majengo yenye madirisha wanayoyafungua wenyewe huzoea joto la nje na hulikubali. Fomula yake ni fupi. Zidisha wastani wa joto la nje kwa 0.31, ongeza 17.8. Wastani wa nje ukiwa nyuzi 27, katikati ya starehe ni kama nyuzi 26, na kwa kiwango cha watu 8 kati ya 10 kuridhika, unaweza kufika karibu nyuzi 30. Kati ya kupoza hadi 22 na kuacha hadi 29 kuna mtambo mzima wa baridi ambao hauhitaji kununuliwa.

Hapa ndipo mahali pa pili panapoingia na kuharibu furaha. Modeli hiyo ya pili ina sharti: madirisha yafunguke, tena na mtumiaji mwenyewe. Kwenye ghorofa ya tatu, sawa. Kwenye ghorofa ya 40?

Faili la hali ya hewa ninalotumia kwenye modeli kwa kawaida limetoka kituo cha uwanja wa ndege. Upepo wake umepimwa mita 10 kutoka ardhini, joto lake mita moja na nusu au mbili, kwenye uwanja wazi. Mita 200 juu ya mji, upepo huweza kuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa mita 10, na kwa kuwa shinikizo hukua kwa mraba wa kasi, mara mbili ya kasi ni mara nne ya shinikizo. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, kwa hiyo mita 300 zinakupa karibu nyuzi 2 za nafuu, na nyuzi 2 kwenye nchi ya joto si kitu cha kudharau. Mvua inayopigwa na upepo huweza kupanda ukuta badala ya kushuka. Ghorofa za chini zimefunikwa na kivuli cha majirani na haziwezi kupata mwanga wa mchana hata zikitaka, wakati zile za juu zimezidiwa na mwanga hadi zinajificha. Halafu tunachukua jengo hilo, tunalipatia hali ya hewa moja, tunapata wastani mmoja, na kuuandika kwenye cheti.

Wastani ni mahali pazuri pa kufichia makosa. Ghorofa za juu zikipita kiwango cha mwanga kwa mbali na za chini zikafeli kwa mbali, jengo limefaulu.

Wasanifu waliotangulia hawakusubiri mfumo uwaambie. Menara Mesiniaga ya Ken Yeang, iliyomalizika mwaka 1992 nje ya Kuala Lumpur, ina ghorofa 15 tu, lakini ilipanga vivuli vyake kufuata jua na kuweka ngazi na vyoo ukutani ili vipate mwanga na hewa ya nje. Commerzbank ya Frankfurt, ya Norman Foster, mita 259, mwaka 1997, iliweka tabaka mbili za ukuta ili dirisha la ndani lifunguke bila upepo kuingia na kupeperusha karatasi, na ikapandisha bustani ndani ya mnara. The Met ya Bangkok, ya wasanifu WOHA, mwaka 2009, ina ghorofa 66 za makazi zilizogawanywa kwa nafasi wazi katikati ili kila nyumba ipitiwe na hewa. Mnara wa namna hii ukipimwa kwa jengo la kulinganishia lililofungwa vioo na kujazwa kiyoyozi, ule uwazi wa katikati unaonekana kama sakafu iliyopotea.

Na usidhani ufumbuzi mmoja unahama. Manitoba Hydro Place iko Winnipeg, mji ambao joto huweza kutoka nyuzi 35 chini ya sifuri hadi 35 juu yake. Jengo hilo la ghorofa 22, la mwaka 2009, lina bomba la jua la mita 115 linalovuta hewa chafu juu, na lilipata Platinamu, daraja la juu kabisa la LEED. Mvuto huo wa hewa unategemea tofauti kubwa ya joto kati ya ndani na nje. Penye baridi kali, hewa ya ndani hupanda kwa nguvu kiasi cha kufanya milango ya chini iwe vita. Penye joto na kiyoyozi, tofauti ni ya nyuzi chache na mwelekeo unageuka: hewa baridi ya ndani huteremka na kutokea chini, na hewa yenye unyevu huingizwa juu, inakutana na ukuta baridi, na ukungu unaota nyuma ya karatasi za ukutani. Kipengele cha kuziba mianya ya hewa kinahitajika sehemu zote mbili, ila kwa sababu zilizopingana na kwenye ghorofa zilizopingana.

Urefu una gharama zake pia, hata kabla ya hali ya hewa. Kupandisha lita 1,000 za maji mita 100 kunahitaji nishati ya uniti 0.27, na pampu halisi itakula karibu nusu uniti. Kidogo, mpaka uzidishe kwa lita milioni 30. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walipolinganisha ofisi za Uingereza, walikuta zile za ghorofa 20 na zaidi zinatumia umeme karibu mara mbili na nusu ya zile za ghorofa sita na kushuka, kwa kila mita ya mraba. Si lifti peke yake. Kuwa wazi kwa upepo na jua kumo humo. Mfumo unaolinganisha mnara na mnara wa kubuni wenye urefu uleule hauulizi kamwe swali hilo. Urefu umesamehewa tangu mwanzo, na ukiongeza alama za kuwa karibu na usafiri wa umma, ambazo mnara wa katikati ya mji huzipata bila kuinua kidole, mnara unaanza mbio ukiwa mbele.

Wapo waliogusa mifupa ya mfumo. CASBEE ya Japani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001, haijumlishi alama. Inagawanya ubora wa ndani ya mpaka wa kiwanja kwa mzigo unaotupwa nje ya mpaka huo, na uimara dhidi ya tetemeko umo kwenye upande wa ubora. Mnara usiostahimili tetemeko huko hushuka upande wa ubora, na ni haki: jengo linalobomolewa baada ya miaka 20 limepoteza zege lote. Abu Dhabi, kupitia mfumo wake wa Estidama, mwaka 2010 iliyapa maji alama 43 kati ya 177, karibu robo ya zote. LEED ya toleo la nne huyapa 11 kati ya 110. Tena Abu Dhabi ikalifanya daraja la kwanza la mfumo wake kuwa sheria kwa majengo mapya, si mapambo.

EDGE, mfumo wa shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia, ilichukua njia nyingine: punguza asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganishwa na desturi ya ujenzi ya mji husika. Naipenda kwa hilo, jengo lake la kulinganishia linatoka nyumbani. Lakini hesabu zake ni za mwezi kwa mwezi, na mwezi mmoja hauwezi kukuambia jua la saa kumi na moja jioni linaifanya nini ghorofa ya 35.

Kuhusu vifaa vya ujenzi nitasema machache. Kipengele cha vifaa vya karibu, ambacho LEED ilikipimia kilomita 800 kisha ikashusha hadi 160, huchora duara kana kwamba hakuna bahari wala mpaka wa forodha. Kwenye mnara, kaboni ya ujenzi imelala kwenye zege na chuma. Saruji peke yake ni karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Miongozo husema punguza saruji kwa majivu ya makaa ya mawe au takataka za tanuri za chuma, jambo jema kwa nchi yenye mitambo hiyo. Nchi isiyo nayo ina majivu ya volkano, udongo wa mfinyanzi wa kuchomwa, majivu ya pumba za mpunga. Kipengele kiandikwe kwa matokeo, kaboni kwa kila mita ya ujazo ya zege, na wahandisi watatafuta wenyewe. Na uzito wa alama za vifaa ufuate gridi ya umeme: palipo na umeme wa maji karibu wote, kama Norwei, kaboni ya mnara iko kwenye nguzo zake, palipo na makaa ya mawe, iko kwenye viyoyozi.

Kisha kuna swali la nani anarudi kuangalia. Mnara wa Bank of America wa New York ulipata Platinamu mwaka 2010. Sheria ya mji huo ya 2009 iliyolazimisha majengo makubwa kutangaza matumizi yake ya nishati ilipotoa takwimu, mnara huo ukaonekana kuwa miongoni mwa walaji wakubwa kwa kila mita ya sakafu. Sehemu kubwa ya maelezo ni wapangaji, na kumbi za wafanyabiashara wa fedha zenye kompyuta zisizolala. Cheti hakikudanganya, kilipima kitu kingine. Mwaka 2019 mji ukapitisha sheria ya ukomo wa hewa ukaa, ikianza kubana mwaka 2024, na sheria hiyo inasoma mita na bili.

Australia ilishaona hili mapema. NABERS, iliyoanza miaka ya mwisho ya 1990, hupima miezi 12 ya matumizi halisi, inarekebisha kwa hali ya hewa na saa za kazi, na inatenganisha jengo la msingi na ofisi za wapangaji: lifti, pampu na mtambo wa baridi ni vya mwenye nyumba, kompyuta na taa ni za mpangaji. Kwa jengo lenye wapangaji 60 ambao hawajuani, mgawanyo huo una faida kuliko kipengele chochote cha paa la kijani.

Kwa hiyo nikiulizwa kamati ya kurekebisha mfumo ianzie wapi, siulizi alama ngapi ziende kwa maji. Naomba matokeo ya mnara yatolewe kwa mikanda mitatu, chini, katikati na juu, kila mkanda na upepo wake, joto lake na vivuli vya majirani zake, na mkanda mmoja ukifeli jengo lisifichwe na mingine miwili. Naomba jengo la kulinganishia lichorwe kutoka majengo yanayosimama mji huo, si kutoka jedwali. Naomba mita tofauti za lifti, za pampu na za kila ghorofa ziwekwe kabla ya plasta, kwa sababu baada ya plasta hakuna anayezirudia. Cheti kidumu miaka mitatu. Na mmiliki asiyetaka kuonyesha mita hizo apewe alama za usanifu peke yake, na kibao cha pale mlangoni kiandikwe hivyo.